Fundi akitaja milioni, familia ikae kwanza

Simu iliingia saa moja jioni, mwishoni mwa Novemba. Mama alikuwa jikoni anakaanga samaki, baba yuko sebuleni na mtoto wa mwisho. Aliyepiga alikuwa fundi. Gari la familia hiyo ya Tabata, Dar es Salaam, ni Toyota IST yenye karibu miaka 20 tangu itoke kiwandani. Tangu asubuhi lilikuwa gereji kwa sababu lilichemsha kwenye foleni ya Buguruni.

“Bosi, injini imekwisha,” fundi alisema. “Gasketi imeungua, hedi imepinda. Andaa Sh1.9 milioni, kesho naanza kufungua.”

Baba alinyamaza kidogo, kisha akajibu: “Sawa fundi, endelea.”

Mama alisikia. Fedha pekee ya kiasi hicho ndani ya nyumba ilikuwa ada ya Januari ya watoto wawili wakubwa. Alizima jiko, akaja sebuleni.

“Aendelee na nini?”

Baba alieleza kwa kifupi. Mama akauliza kama fundi amepima au amekisia. Hapo ndipo likatoka neno linalovuruga usiku wa nyumba nyingi: “Wewe unajua nini kuhusu injini?”

Samaki waliliwa kimya.

Habari ya nyumba hiyo inafanana na ya nyumba nyingine nyingi zenye gari la umri mkubwa. Gari likiwa zee, kila ugonjwa wake unasikika kama wa mwisho. Fundi akitaja bei kubwa, mwenye gari anaona ni kama hukumu imeshatoka, kazi yake ni kutafuta fedha tu. Kumbe bei ya fundi ni makisio yanayopaswa kuelezwa, na mwenye gari ana haki ya kuyaelewa kabla ya kuyakubali.

Kwa nini baba alisema “sawa”

Baba hakusema “sawa” kwa sababu aliamini. Alisema hivyo kwa sababu aliona aibu. Mwanamume anatarajiwa kujua gari, na fundi huzungumza haraka, anataja gasketi, hedi na wota pampu kama vitu ambavyo kila mtu anavifahamu. Kuuliza “hiyo hedi imepimwaje?” kunaonekana kama kukiri ujinga. Kusema “ngoja nikaongee nyumbani” kunaonekana kama kukiri kwamba huna fedha, au huna sauti kwako.

Hivyo linatangulia jibu, fedha zinatafutwa baadaye. Zinatoka kwenye ada, kwenye kodi ya nyumba, au kwenye mkopo wa simu wenye riba. Mwenza anakuja kujua wakati injini imeshafunguliwa, na gari lililofunguliwa ni vigumu kulihamisha. Fundi anayeanza kazi mapema hushika gari na mazungumzo yote ya bei pamoja.

Aliyejua gari hakuwa aliyejua injini

Asubuhi, baada ya watoto kwenda shule kwa bajaji, mama alirudi kwenye mazungumzo bila hasira. Ni kweli hakujua injini, lakini gari alilijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa analiendesha kila siku kupeleka watoto.

“Hili gari linachemsha tukiwa kwenye foleni tu,” alisema. “Mwezi uliopita tulikwenda Morogoro kwenye kipaimara, karibu kilomita 190, halikupata joto hata mara moja. Injini iliyokwisha ingefika Morogoro?”

Swali lile lilikuwa na maana kuliko alivyodhani. Gari likiwa kwenye mwendo barabara kuu, upepo unaingia mbele na kupoza maji yaliyomo kwenye rejeta. Likisimama kwenye foleni upepo haupo, na kazi hiyo inabaki kwa feni ya umeme iliyo nyuma ya rejeta. Feni ikifa, au fyuzi yake ikiungua, gari huwa zima safarini na huchemsha mjini.

Dalili hiyo peke yake haithibitishi kwamba injini ni nzima. Gari lililochemshwa mara nyingi linaweza kuunguza gasketi kweli, na ndiyo maana dereva anayeona joto limepanda anapaswa kusimama mahali salama, kuzima injini na kusubiri, bila kufungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, kwa sababu maji yanaweza kuruka na kumbabua. Lakini dalili ile ilisema jambo moja: feni ichunguzwe kwanza, kabla ya mtu kushika spana ya kufungua injini.

Gasketi ya hedi ikiungua nayo ina dalili zake. Moshi mweupe mzito hutoka hata injini ikiwa imeshapata moto. Oili hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa. Maji hupungua bila kuonekana yanapovujia. Viputo hupanda kwenye rejeta injini ikiwa inaunguruma. Fundi mwenye vifaa anaweza pia kupima mgandamizo wa kila silinda bila kufungua hedi. Katika simu ya jana yake, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotajwa.

Baba alichukua simu. “Fundi, habari za asubuhi. Usifungue kwanza, tunakuja.”

Karatasi ya mistari saba

Walikwenda wote wawili. Walisalimia, wakauliza habari za kazi, wakakaa kwenye benchi. Mama ndiye aliyeanza: “Fundi, sisi hatujui mambo haya, tunaomba utuonyeshe na utuandikie kitu kimoja kimoja.”

Kutojua, ambako jana usiku kulikuwa aibu, leo kukawa msaada. Anayeomba kuonyeshwa hamtuhumu mtu, na fundi mwenye uhakika hana sababu ya kukataa.

Fundi alisema, “Shemeji, hii kazi naijua, nimezishusha nyingi.” Hata hivyo aliandika. Zile Sh1.9 milioni zikagawanyika kuwa mistari saba: seti ya gasketi, kusawazisha hedi, rejeta, wota pampu, mkanda wa taimingi, oili na ufundi. Alipoulizwa kama feni inafanya kazi, alisema hajaiangalia.

Hawakubishana naye. Walipiga picha karatasi, wakamlipa Sh20,000 ya muda wake, wakashukuru, wakaita gari la brekidauni kwa Sh60,000. Baba aliona fedha hizo zinapotea. Mama alihesabu tofauti: kama fundi wa pili atasema yaleyale, watakuwa wamenunua uhakika.

Fundi wa pili aliyepatikana kupitia mfanyakazi mwenzake mama ni fundi umeme wa magari aliyesomea VETA. Hawakumwambia bei ya kwanza, wala hawakumwambia kwamba gasketi imeungua. Walimweleza dalili tu: linachemsha lini, halichemshi lini, maji yanapungua kiasi gani. Fundi anayetajiwa milioni moja na laki tisa ataona milioni na nusu ni bei ya huruma. Asiyejua bei inabidi apime.

Alipima. Aliwasha injini na kiyoyozi, jambo ambalo kwa kawaida huifanya feni izunguke. Haikuzunguka. Alichukua umeme moja kwa moja kwenye betri akaupeleka kwenye mota ya feni, ikabaki kimya. Fyuzi na rilei zilikuwa nzima. Alikagua oili, akaikuta safi. Viputo havikuwepo, na mgandamizo wa silinda zote nne ulikuwa mzuri.

Mota ya feni ya mtumba iligharimu Sh95,000, kulenti Sh30,000, ufundi Sh40,000 na kupima Sh30,000. Ukijumlisha brekidauni na malipo ya fundi wa kwanza, familia ilitumia Sh275,000.

Baada ya kazi ndipo walipomwonyesha ile picha. Alisoma polepole, akafika mstari wa tano. “Mkanda wa taimingi? Injini hii ya 1NZ inatumia cheni. Haina mkanda.”

Kwa hiyo ndani ya bei ile kulikuwa na kitu ambacho gari lenyewe halina. Bei ikitajwa kwa jumla, kitu kama hicho hakionekani. Ikiandikwa mstari kwa mstari, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kukiona.

Je, fundi wa kwanza ni mwizi?

Huenda. Huenda pia alikisia tu. Gari limechemka, amewahi kuona mengi yaliyochemka yakakutwa gasketi imeungua, akataja dawa kabla ya kipimo. Kwa mfuko wa familia matokeo ni yaleyale, lakini kwa namna ya kuachana naye kuna tofauti kubwa.

Baba alimpigia kumwambia kwamba tatizo lilikuwa feni, na gari limepona. Hakumtukana. Fundi huyo ndiye aliyewafungia shokapu miaka mitatu iliyopita, na zinadumu hadi leo. Anaweza kuwafaa tena, ila safari nyingine ataulizwa mapema zaidi.

Na kama bei kubwa ni ya kweli?

Si kila bei kubwa ni ya kupigwa. Wakati mwingine fundi wa pili atapima na kukuta gasketi imeungua kweli, au gia boksi imechoka. Hapo swali la familia linabadilika, kutoka “fundi anatuibia?” kwenda “gari hili bado linatufaa?”

Swali hilo lina hesabu tatu. Ya kwanza, gari likiuzwa leo jinsi lilivyo litaleta kiasi gani, na likitengenezwa litaleta kiasi gani. Ya pili, ndani ya mwaka mmoja litadai nini kingine: tairi, shokapu, betri. Ya tatu, kuishi bila gari kutagharimu nini kwa mwezi, ukijumlisha daladala, bajaji na basi la shule.

Wengi husahau kuweka kando ya hesabu hizo gharama ya kulibadilisha. Gari lililotumika kutoka Japani halina bei ya mtandaoni tu. Kuna usafiri wa meli, kodi na tozo za bandarini, na kwa magari ya umri mkubwa kuna ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo matengenezo yanayouma leo yanaweza kuwa nafuu kuliko gari jingine. Lakini yakiwa ya tatu makubwa ndani ya mwaka mmoja, ni wakati wa kuongea kuhusu kuuza.

Kama uamuzi ni kutengeneza na fedha hazitoshi, kazi inaweza kugawanywa. Breki, usukani, tairi na joto la injini havisubiri. Kiyoyozi, rangi na kioo cha dirisha kisichoshuka vinaweza kusubiri.

Spea nazo zina utaratibu wake. Familia inaweza kwenda yenyewe Kariakoo au Ilala ikiwa na kifaa cha zamani mkononi kama sampuli, na kuuliza bei maduka matatu. Iulize kama ni mtumba au mpya, na kama kinarudishwa kisipofaa. Idai risiti ya EFD, kwa sababu bila risiti hakuna cha kudai kesho. Spea bandia zikigundulika, taarifa hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Baadhi ya mafundi hawakubali kubeba lawama ya spea ambayo hawakuinunua wao, na hilo lina haki yake. Jambo la msingi ni kukubaliana kabla ya kazi nani ananunua, nani anabeba dhamana, na kwamba vifaa vya zamani vitarudishwa kwa mwenye gari.

Kanuni ya laki mbili

Ada ya Januari ililipwa kwa wakati. Familia hiyo imejiwekea kanuni moja: matengenezo yanayozidi Sh200,000 hayajibiwi “sawa” kwenye simu, awe aliyeshika simu ni baba au mama. Jibu lao ni hili: “Nimekusikia fundi. Niandikie kitu kimoja kimoja, usifungue chochote, nitakupigia kesho.”

Haichukui hata dakika moja kulisema, halimvunjii fundi heshima, na linawapa wazazi usiku mmoja wa kukaa pamoja kabla ya ada kuguswa.

Baba hakuomba msamaha kwa maneno kwa lile swali la usiku ule. Ila siku hizi, kabla ya kumpigia fundi yeyote, huanzia jikoni: “Mama, leo gari limekwendaje?”