Mfanyakazi wa EPZ, usiogope kupimwa masikio

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walimlenga mkaidi, lakini kwa daktari wa masikio maneno hayo ni kweli tupu. Sikio likishauawa na kelele za kiwandani, hakuna tembe wala sindano ya kulifufua.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaoshuka matatu alfajiri na kuingia lango la EPZ pale Athi River, haya yanakuhusu. Cherehani za umeme zimepangwa safu kwa safu, mashine za kukata vitambaa zinanguruma, pasi za mvuke zinafoka. Jioni unarudi Mlolongo au Kitengela masikio yakivuma, unafungulia redio mpaka jirani anagonga ukuta. Nyumbani wanasema umekuwa na kiburi, kumbe hukusikia ulipoitwa.

Si kila ukumbi wa cherehani una kelele ya kudhuru. Kipimo rahisi ni hiki: ikiwa inakubidi kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, basi kelele hiyo ni ya kutiliwa shaka.

Nimesikia wengi wakikataa kupimwa. Wanahofu kwamba meneja akijua fulani hasikii vizuri, kesho yake jina lake halimo kwenye orodha. Hofu hiyo naielewa, maana kazi ni adimu. Hata hivyo naamini inamdhuru anayeiogopa kuliko mwingine yeyote. Asiyepimwa hana ushahidi wa lini sikio lake lilianza kuharibika.

Kupimwa kwenyewe hakuumi. Kwanza jitenge na kelele kwa saa 14 hadi 16 kabla ya miadi, hivyo inafaa kwenda asubuhi kabla ya zamu. Kelele ya jana huweza kulichosha sikio na kuharibu matokeo. Utaulizwa kazi unayofanya na kwa miaka mingapi, kama masikio huvuma au hutoa usaha, na dawa ulizowahi kutumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za sindano hudhuru usikivu. Sema kweli.

Kisha mpimaji atachungulia sikioni kwa kurunzi ndogo. Pengine tatizo lako ni nta tu iliyoziba, nayo huondolewa. Usijichokonoe kwa kijiti cha kiberiti kabla ya kwenda, utaisukuma ndani zaidi.

Baada ya hapo utaketi katika chumba kidogo kisichopitisha sauti na kuvikwa hedifoni. Utasikia milio, minene na myembamba, ikififia hadi kama mbu wa mbali. Kila usikiapo, hata kwa mbali sana, unabonyeza kitufe au kuinua mkono. Usibahatishe, na usione haya kunyamaza usiposikia. Huenda pia ukawekewa kifaa kwenye mfupa nyuma ya sikio, ili ijulikane kama hitilafu iko nje au ndani kabisa.

Majibu huchorwa kwenye chati: sikio la kulia kwa duara jekundu, la kushoto kwa alama ya X ya buluu. Sikio lililodhuriwa na kelele huonyesha bonde karibu na hezi 4,000, kwenye milio myembamba. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Nasikia watu wakiongea, lakini sielewi wanasema nini." Omba nakala ya chati hiyo uihifadhi pamoja na barua yako ya ajira. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona habari zako mwenyewe. Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema ulemavu si sababu ya haki ya kumfuta mtu kazi.

Sasa neno kwa waajiri. Kanuni za Kuzuia na Kudhibiti Kelele za mwaka 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa zamu ya saa 8, na kumtaka mwenye kiwanda awe na mpango wa kulinda masikio kelele ikipita desibeli 85. Tukumbuke kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu. Kugawa viziba masikio siku ya ukaguzi peke yake hakutoshi. Mashine itiwe mafuta, iliyolegea ikazwe, kompresa ihamishwe nje ya ukumbi. Kumpima mfanyakazi kila mwaka na kumrudisha kwenye kelele ile ile ni sawa na kuhesabu maji yanayovuja bila kuziba tundu.

Pendekezo langu ni moja. Kila anayeajiriwa apimwe masikio kabla ya kukalia cherehani, kisha kila mwaka, kwa gharama ya mwajiri. Mwajiri mwema atalindwa dhidi ya madai ya uongo, na mfanyakazi atalindwa dhidi ya ukiziwi.

Nawe msomaji, usingoje kuitwa mara tatu ndipo ugeuke. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa sikio lililouawa na kelele, tiba yenyewe haipo.