Mwalimu akifika nyumbani

Shuleni, mwalimu huyu wa darasa la tatu huko Chanika, Dar es Salaam, anasifika kwa somo la kunawa mikono. Huwapanga wanafunzi mstari, huwahesabia sekunde 20, na asiyesugua katikati ya vidole huanza upya. Miongoni mwao yumo binti yake wa kumzaa, ambaye darasani humwita "mwalimu" na wakitoka getini humwita "mama".

Nyumbani utaratibu ni mwingine, na nyumba nyingi zinaujua. Ugali ukitengwa, linaletwa beseni moja. Ananawa babu, anafuata baba, kisha mama, na watoto wanamalizia kwa maji yaliyokwisha kuwa na rangi ya mchuzi. Heshima imezingatiwa, sabuni imesahaulika. Jumamosi moja binti alikunja mikono, akagoma.

"Mama, mwalimu alisema maji yatiririke."

"Mwalimu yupi huyo?"

"Si wewe?"

Baba akakohoa, kumbe anacheka. Mama akatoa hukumu: leo wikiendi, mwalimu hayupo. Babu naye akauliza kama madaftari yananunuliwa ili watoto waje kukagua wakubwa zao.

Lakini mzazi, mtoto ana hoja. Maji ya beseni hayaondoi uchafu, yanaugawa. Aliyetoka kubadilisha nepi anamwachia anayefuata, na wa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote, anapokea jumla. Katika nyumba hii wa mwisho ana miaka miwili, na mwezi uliotangulia aliharisha siku tatu. Hakuna aliyelala. Ilikuwa ni ORS kijiko kwa kijiko, pakiti moja kwenye lita 1 ya maji safi, halafu vidonge vya zinki ambavyo huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomnyamazisha mama, si hoja ya binti.

Sinki halikununuliwa. Kesho yake baba alichukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, akalitoboa kwa msumari wa moto, akalining'iniza kati ya miti miwili. Kamba ikashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, changarawe chini ili pasiwe na tope. Kibuyu chirizi kikawa tayari. Gharama yote ilikuwa kipande cha sabuni, ambacho kunguru waliondoka nacho siku ya pili. Wakazi wa Dar es Salaam hawatashangaa. Cha pili kilifungwa ndani ya soksi kuukuu. Wakaondoka na soksi.

Tangu hapo babu amehamishia kiti chake chini ya mwembe, fimbo mkononi. Anasema yeye analinda sabuni tu, mambo ya shule hayamhusu. Ila mjukuu akikanyaga kijiti mara moja na kukimbilia sahani, sauti hutoka mwembeni:

"Rudi hapa. Hujafika 20."