Hisabati Nayo Ipewe Ukurasa



Kila muhula gazeti letu hutuletea mashairi, habari za mpira, hotuba za mahafali na maoni ya viranja juu ya usafi wa mabweni. Yote hayo ni mema, nami huyasoma yote. Lakini sijapata kuona ndani yake hata ukurasa mmoja wa hisabati. Leo naomba kuutetea ukurasa huo, na kabla ya kuutetea sina budi kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu swali hili: Mkulima ana kibanja cha hekta moja. Mgomba na mgomba usiwe karibu zaidi ya mita 3. Je, aweza kupanda migomba mingi kiasi gani? Tukiacha habari ya kingo, jibu nililolitazamia lilikuwa jepesi. Kila mgomba wachukua mraba wa mita 3 kwa 3, yaani mita za mraba 9. Gawa 10,000 kwa 9, wapata 1,111. Darasa zima lilijibu hivyo, isipokuwa kijana mmoja kutoka upande wa Kyerwa. Yeye aliandika 1,283. Nilichukua kalamu nyekundu nikamkosesha. Aliponijia na daftari lake akitaka kunieleza, nilimwambia, "Fuata njia niliyofundisha." Akaitika, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake.

Baada ya miaka miwili, wakati wa likizo, nilipita katika kibanja kimoja karibu na Nkwenda. Mwenyewe alikuwa akichimba mashimo, na mistari yake ilipishana: kila shimo la mstari wa pili lilikaa katikati ya mashimo mawili ya mstari wa kwanza. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee," kisha nikamwuliza sababu. Akasema, "Hivi inaingia mingi zaidi, mwanangu."

Nilisimama palepale nikapiga hesabu udongoni kwa kijiti. Migomba mitatu jirani hufanya pembetatu ya pande sawa, kila upande mita 3. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali wa mstari hadi mstari si mita 3, bali ni kipeuo cha pili cha 6.75, yaani mita 2.598. Basi kila mgomba hauchukui mita za mraba 9, bali 7.794. Gawa 10,000 kwa hizo, wapata 1,283.

Kijana alikuwa amepata. Aliyekosa ni mimi. Niliporudi shuleni nilimwulizia, nikaambiwa amekwisha maliza masomo. Nikaulizia madaftari yake, nikaambiwa yaliuzwa kwa mwuza karanga pale Omurushaka. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya kijana yule ilikuwa na daftari, lakini daftari lenyewe likafungiwa karanga.

Basi jarida la hisabati ni nini? Ni daftari la watu wote, lisilofungiwa karanga. Mtu akidhani amegundua jambo, huliandika pamoja na uthibitisho wake, akampelekea mhariri. Mhariri huwapa wajuzi wawili au watatu walisome mstari kwa mstari. Likiwa na kasoro hurudishwa lirekebishwe. Likisimama huchapwa, na tangu siku hiyo mtu yeyote duniani aweza kulisoma na hata kulipinga. Hapo ndipo tofauti na kalamu yangu nyekundu. Mimi nilikuwa hakimu peke yangu, wala hapakuwa na rufani.

Msidhani majarida haya yalianzishwa na wafalme. Jarida kubwa linalohesabiwa kuwa la kwanza la hisabati tupu lilianzishwa mwaka 1810 na Joseph Gergonne, mwalimu wa hisabati katika mji wa Nîmes, Ufaransa, mbali na Paris. Katika jarida hilo, mwaka 1829, ilichapwa makala ya mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 17, jina lake Évariste Galois. Kijana huyo baadaye alipeleka kazi kubwa zaidi kwa wakubwa wa Paris. Moja ilipotea, nyingine ikakataliwa mwaka 1831 kwa kuwa haikueleweka. Mwaka uliofuata alikufa kwa risasi, akiwa na miaka 20 tu. Karatasi zake zilikaa mpaka mwaka 1846, Joseph Liouville alipozichapa katika jarida lake mwenyewe. Leo hufundishwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Twaona basi kwamba wajuzi nao hukosa. Lakini jambo lililohifadhiwa laweza kupata msomaji mwingine. Lililotupwa halipati.

Na sisi Waafrika je? Mwaka 1976 wanahisabati wa bara letu walikutana Rabat, Moroko, katika kongamano lao la kwanza, wakaunda Umoja wa Wanahisabati wa Afrika. Rais wake wa kwanza alikuwa Henri Hogbe-Nlend wa Kamerun. Mwaka 1978 Umoja huo ulianzisha jarida lake, likaitwa Afrika Matematika. Fikirini hali ya wakati ule. Nchi nyingi zilikuwa na miaka chini ya 20 tangu zipate uhuru. Wakoloni walikuwa wamejenga njia za kwenda Ulaya, si za kwenda kwa jirani. Mwanahisabati wa Dar es Salaam alijua yaandikwayo London kuliko yaandikwayo Yaoundé. Jarida lile lilikuwa daraja kati ya ndugu.

Afrika Matematika lingali hai, na tangu mwaka 2011 huchapwa na kampuni ya Springer na kusomwa duniani kote. Hupokea kazi za kila tawi: aljebra, jometri, milinganyo, hata hesabu za kueleza jinsi maradhi yanavyoenea. Umoja wenyewe una pia tume ya historia ya hisabati katika Afrika, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Paulus Gerdes wa Msumbiji, aliyefariki mwaka 2014. Bwana huyo alionyesha kwamba katika ususi wa vikapu vya Waafrika mna jometri ya kweli. Mama zetu wa Karagwe husuka kila siku. Ni nani kati yetu aliyewahi kuhesabu mikunjo ya kikapu cha mama yake?

Hapa nchini pia tunao mfano, ingawa ni wa fizikia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, aliona akitengeneza aiskrimu kwamba maziwa yaliyoingia katika friza yangali moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza hakusadikiwa. Hakunyamaza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akakubali kulijaribu. Mwaka 1969 makala yao ilichapwa katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Wangelibishaje kama halikuchapwa?

Najua yatakayosemwa. Mwalimu mwenzangu atasema kwamba wanafunzi wetu wanashindwa mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne, sembuse kuandika makala. Nami nasema wengi hushindwa kwa sababu tumewafundisha kutafuta jibu la mwalimu na kuficha mawazo yao. Katika mji wa Győr, Hungaria, mwalimu Dániel Arany alianzisha mwaka 1894 jarida la hisabati kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Kila toleo lilileta maswali. Wanafunzi walipeleka majibu. Waliojibu vizuri walichapwa majina. Miongoni mwa vijana waliokuzwa na jarida hilo ni Paul Erdős, aliyekuja kuandika makala zipatazo 1,500. Jarida hilo bado linatoka. Mwalimu yule hakungoja wanafunzi wawe hodari kwanza.

Mwanafunzi atasema, "Nikikosea, shule nzima itanicheka." Nami namwambia, acheke kwanza mwalimu wako, kwani kosa lake limechapwa hapa juu.

Na mzazi atasema hisabati haimhusu. La, yamhusu sana. Naomba ukurasa huo uandikwe kwa Kiswahili ili gazeti likifika nyumbani, Kayanga au Kaisho au Murongo, baba na mama waweze kusoma na kujibu. Mzee wa Nkwenda angeliliona swali langu la migomba, angelinisahihisha mapema, na kijana yule angalipata haki yake angali darasani.

Ombi langu basi ni dogo. Mhariri atoe kurasa 2 kila muhula. Maswali yatoke kwa mwanafunzi yeyote, mwalimu au mzazi. Kila jibu lisomwe na watu wawili, na mmoja wao awe mwanafunzi. Jibu likikataliwa, mwenyewe aandikiwe sababu. Na nakala moja ya kila gazeti itunzwe katika maktaba, isiuzwe kwa mtu yeyote, hata kwa mwuza karanga.

Ili nisionekane msemaji tu, naleta swali la kwanza. Nimesema kwamba mistari ya kupishana huingiza migomba mingi. Lakini jaribuni katika kibanja cha mraba cha mita 6 kwa 6, mkianza konani na kupanda hata ukingoni. Mistari ya kukabiliana huingiza migomba 9, ya kupishana 8 tu! Je, kwa vibanja vya mraba vyenye upande wa mita 3, 6, 9, 12 na kuendelea, ni kuanzia upande upi mistari ya kupishana inashinda? Leteni jibu pamoja na sababu zake.

Na wewe kijana wa Kyerwa, popote ulipo, gazeti hili likikufikia, ujue kwamba jibu lako lilikuwa sahihi. Niwie radhi. Kama wakumbuka ulivyolipata, tuandikie, nalo litakuwa la kwanza kuchapwa.

Mwalimu wa Hisabati