Kupona kwa Nafsi ni Nini?

Mtu mwenye ugonjwa wa nafsi husemwa amepona lini?

Mwaka 1895, katika mji wa Vienna, Sigmund Freud na daktari mwenzake Josef Breuer walitoa kitabu juu ya wagonjwa waliopooza viungo au kupotewa na sauti, na miili yao haikuonekana na kasoro. Walieleza kwamba mgonjwa akilikumbuka jambo lililomwumiza, akalisema pamoja na uchungu wake, dalili hutoweka. Basi shabaha ya kwanza ilikuwa kuondoa dalili.

Lakini mara nyingi nafuu haikudumu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo shabaha ikawa mtu ayajue yaliyofichika ndani yake. Na baada ya kitabu cha Freud cha 1923, nafsi ipate nguvu ya kuzitawala tamaa na kustahimili lawama za dhamiri. Mwaka 1937, naye mzee wa miaka themanini na zaidi, Freud aliandika kwamba kazi hii huenda isiwe na mwisho kamili, wala haikusudiwi kuwafanya watu wote wawe namna moja. Baadaye Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliona kwamba mtu aweza kukosa ugonjwa na bado asiwe anaishi hasa.

Wako wasemao kwamba shabaha hii haina kipimo. Hoja yao ina uzito: matibabu haya huchukua miaka na fedha nyingi, na aliyeshikwa na hofu ataka nafuu leo. Mimi siikatai nafuu. Lakini tazameni hata hapa shuleni: mwenzetu aliaye usiku bwenini akinyamaza, sisi twapata usingizi. Je, yeye amepona? Apimaye kupona kwa kimya cha mgonjwa hupima raha ya jirani zake.

Kwa maoni yangu, amepona yule awezaye kufanya kazi, kupenda watu, na kuibeba huzuni yake bila ya kujificha. Tena shabaha hiyo aichague mwenyewe, asichaguliwe na daktari wala na sisi.

Mwenye maoni mengine na aandike.