Maniema: Mshahara wa mwalimu wa Punia unakwama ku komputa ao ku watu?

Kila mwisho wa mwezi, swali ni lile lile katika shule za wilaya ya Punia, kaskazini mwa Kindu: "Mshahara umetoka?" Nyuma ya swali hilo kuna kodi ya nyumba, kuna dawa za mtoto, na mara nyingi kuna deni la Banque Lambert ambalo riba yake haingoji serikali. Kwa hiyo mpango wa kuweka kazi zote za malipo ndani ya programu za komputa si habari ya wataalamu wa Kinshasa peke yao. Unamgusa hata mwalimu wa Kasese.

Programu hizo hufanya nini? Katika ofisi za washauri wa fedha huko Ulaya na Marekani, kila kazi hukatwa kuwa hatua ndogo ndogo. Kila hatua ina mtu wa kuijibia, ina siku ya mwisho, na ina hatua inayoifuata. Wa kwanza akimaliza, wa pili anapata ujumbe papo hapo bila mtu kumpigia simu. Siku zikipita bila jibu, mkubwa wake anaambiwa. Komputa haiamui chochote cha akili hapo. Inakumbuka tu, na haichoki kukumbuka.

Matumizi ya serikali ya Kongo nayo yana mnyororo wenye hatua nne zinazojulikana: kuweka ahadi ya matumizi, kuhakikisha deni, kuamuru malipo, kisha kulipa. Lakini kwa mwalimu safari inaanza mbali zaidi. Inaanza kwa direkta wa shule anayeandika nani yuko kazini, nani amehama, nani amefariki. Karatasi hiyo inapita ku idara ya kuhesabu na kulipa walimu, iliyoitwa SECOPE na leo inaitwa DINACOPE, mpaka listi itengenezwe Kinshasa.

Tuchukue mfano. Mwalimu anahamishwa kutoka Kasese kwenda Punia mjini. Karatasi yake ikilala katika sanduku moja njiani, hakuna kengele inayolia. Jina lake linaweza kubaki ku shule ya zamani, ao kutoweka kabisa. Atagundua siku ya malipo, na itamlazimu kufunga safari ya Kindu kwa pikipiki ili kuuliza faili iko wapi. Programu nzuri ingemwonyesha tangu wiki ya kwanza: faili yako iko ku ofisi fulani, inangoja sahihi fulani.

Inchi yetu imekwisha kujaribu dawa ya teknolojia. Mwaka wa 2011, Matata Ponyo Mapon, mwana wa Maniema aliyekuwa waziri wa fedha, alianzisha malipo ya watumishi kupitia benki. Zamani pesa zilipita mikononi mwa walipaji wengi, na kila mkono uliweza kukata kitu. Benki ilipunguza mikono hiyo. Lakini benki haziko kila mahali, na ndiyo maana Caritas Congo ilipewa kazi ya kufikisha mishahara ya walimu katika sehemu zisizo na benki. Pesa ya simu, iliyoingia Kongo kwa nguvu tangu 2012, inasaidia pia, lakini inahitaji mtandao, na inahitaji wakala mwenye pesa taslimu siku walimu wote wanapokuja pamoja.

Hata hivyo, kulipa haraka hakutoshi ikiwa listi yenyewe ni mbaya. Mwaka wa 2023, wakaguzi wa IGF walisema kwamba watumishi zaidi ya 145,000 katika listi ya mishahara ya serikali walikuwa na namba za matrikule zisizo sawa. Tanzania ilipata somo kama hilo. Listi zake za mishahara zilikuwa tayari katika komputa, lakini mwaka wa 2016 serikali ilitangaza kwamba imeondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000. Hao waligunduliwa kwa kuhesabu watu, uso kwa uso. Komputa ikipewa jina la uongo, italilipa kila mwezi kwa wakati, bila kosa.

Na kuna upande wa pili, ambao unaumiza zaidi: watu wa kweli ambao listi haiwajui. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure. Utekelezaji ulipoanza Septemba 2019, wazazi waliacha kulipa primu ya walimu. Walimu wanaoitwa NU, yaani vitengo vipya, na NP, wasiolipwa, walibaki wakifundisha bila mzazi kuwapa kitu na bila serikali kuwapa kitu. Kwao, hatua moja iliyokwama si kuchelewa kwa siku tatu. Inaweza kuwa miaka.

Kwa hiyo, mambo matatu yanapaswa kuulizwa kabla ya kushangilia programu yoyote. La kwanza: je, direkta wa shule ya mbali anaweza kutuma habari zake kwa simu ya kawaida, mtandao unapokuwa hafifu? La pili: je, mwalimu mwenyewe ataona faili yake imefika wapi, ao ni wakubwa tu watakaoona? La tatu: kengele ikilia kwamba ofisi fulani imechelewa, nani ataadhibiwa?

Swali la tatu ndilo zito. Anayeuza "msaada" wa kusukuma faili anapata faida kwa sababu hakuna anayejua faili iko wapi. Mnyororo ulio wazi unamwondolea soko. Ndiyo maana upinzani mkubwa hautatoka kwa walimu wasiojua komputa. Utatoka kwa wale wanaojua vizuri sana faida ya giza.

Wakati tunangoja, madirekta wa Punia wanaweza kuanza na daftari moja: tarehe karatasi ilipotoka, nani aliipokea, na sahihi yake. Karatasi iliyopokelewa kwa sahihi haikatalikani kirahisi, hata pale ambapo umeme haujafika.