Le Mans: Kanuni zilizowaalika waundaji wadogo na zilizowafungia nje

MAGARI mawili ya Glickenhaus, kampuni ndogo ya Kimarekani, yalimaliza mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mnamo Juni 2023 yakiwa ya sita na ya saba. Nyuma yao yalikuwemo magari yote ya Porsche na Peugeot. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kumalizika, kampuni hiyo ilitangaza kwamba haingerejea ulingoni msimu wa 2024.

Kisa hiki hakieleweki bila kurudi nyuma kidogo. Audi ilijiondoa katika mashindano hayo ya masafa marefu mwishoni mwa 2016, na Porsche ikafuata mwaka mmoja baadaye. Toyota ilibaki karibu peke yake kileleni. Waandalizi, wakishirikiana na Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), walitunga kanuni mpya zilizoanza kutumika 2021. Nguvu za injini ziliwekewa kikomo, mota ya umeme ya kusaidia injini haikuwa lazima tena, na uzito na nguvu za kila gari zikawa zinarekebishwa ili pesa pekee zisinunue ushindi.

Mwaliko huo ndio aliouitikia James Glickenhaus, mwelekezi wa filamu wa zamani aliyegeukia uwekezaji. Gari lake, SCG 007, halikuwa na mota ya umeme. Injini yake ya V8 ya lita 3.5, yenye tabo mbili, iliundwa na Pipo ya Ufaransa, na ustawishaji wa gari ukafanywa pamoja na kampuni ya Podium ya Italia. Mwaka 2021 magari yake yalimaliza Le Mans ya nne na ya tano. Mwaka 2022 Ryan Briscoe, Richard Westbrook na Franck Mailleux walishika nafasi ya tatu.

Matokeo hayo yasitiwe chumvi. Kitengo hicho cha juu kilikuwa na magari matano tu, na hilo la tatu liliachwa mizunguko 10 na mshindi. Lakini kudumu saa 24 bila kuharibika ni sehemu ya mchezo wenyewe, jambo ambalo mashabiki wa Safari Rally ya zamani hawahitaji kuelezwa.

Ugumu ulikuja pale mwaliko ulipofua dafu kupita kiasi. Peugeot ilijiunga katikati ya 2022, kisha 2023 wakaja Ferrari, Porsche na Cadillac. Ferrari ilishinda Le Mans mwaka huo huo. Hapo ndipo kasoro ya kanuni ilipojitokeza: marekebisho ya uzito na nguvu husawazisha magari, wala hayasawazishi mifuko. Hayampi mdogo siku za ziada za majaribio, wahandisi wa kuchanganua takwimu, wala ghala la vipuri.

Waandalizi nao walianza kubana. Vanwall, kikosi kingine kidogo, kilinyimwa nafasi ya msimu wa 2024. Kisha likaja sharti kwamba kuanzia 2025 kila muundaji katika kitengo hicho alete magari mawili msimu mzima. Isotta Fraschini ya Italia, iliyokuwa na gari moja, iliondoka hata kabla ya msimu wa 2024 kumalizika. Hata Lamborghini, ambayo haiwezi kuitwa maskini, ilijitoa badala ya kuongeza gari la pili.

Waandalizi wana hoja: vibanda vya kuhudumia magari viwanjani ni vichache, na msimu wa 2024 pekee ulikuwa na magari 37. Lakini Le Mans ndiyo ile ile ambako Jean Rondeau, mzaliwa wa mji huo, alishinda 1980 akiendesha gari lenye jina lake mwenyewe. Kwa kanuni za sasa, mtu wa aina hiyo angehitaji kwanza kugharimia gari la pili na safari za mabara kadhaa.

Tena wakubwa nao hawana mizizi. Mnamo Oktoba 2025, Porsche ilitangaza kwamba kikosi chake rasmi kingeacha mashindano hayo ya dunia baada ya msimu huo, kama ilivyofanya 2017. Safari hii Glickenhaus, Vanwall na Isotta Fraschini walikuwa wameshaondoka.