Nasaha za Nyumbani: Msumeno wa Petroli au wa Betri?



Usiku mmoja wa masika, upepo wa kusi ulivunja tawi kubwa la mwarobaini wetu, likaziba kichochoro cha mtaa. Kulipokucha tukapata habari kuwa jirani yetu amefariki, na jeneza halikuwa na njia nyingine ya kupita. Tukautoa stoo msumeno wetu wa mnyororo, ule ambao mafundi huuita pawasoo. Tulikuwa tumeununua kwa fahari na kuutumia mara mbili tu. Tulivuta kamba mpaka bega likauma, haukuwaka. Vijana walilikata tawi lile kwa mashoka, na mazishi yaliyopangwa kabla ya adhuhuri yakasogea hadi baada ya alasiri. Tuliwaomba wafiwa radhi, nasi tukarudi nyumbani na fedheha yetu.

Dukani tulikuwa tumeuliza msumeno una nguvu kiasi gani. Hatukuuliza utakuwa na hali gani baada ya kulala miezi minane. Kwa mwenye kukata mara mbili au tatu kwa mwaka, hilo la pili ndilo swali lenyewe.

Msumeno wa petroli una nguvu, na hufanya kazi kutwa maadamu mafuta yapo. Anayepasua magogo ya miembe na mikorosho shambani hana budi kuwa nao. Lakini petroli ikiachwa ndani kwa miezi huharibika na kuacha utando wa gundi katika kabureta, na huo ndio uliotuangusha sisi. Mwenye nao aimwage petroli kabla ya kuuweka, kisha auwashe mpaka uzime wenyewe. Mchanganyiko nao una kipimo chake: misumeno mingi ya leo hutaka mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, lakini kijitabu cha mashine ndicho hakimu. Wala tusitie oili ya mashine za boti kwa kuwa ipo karibu. Injini ile hupozwa kwa maji, na hii kwa hewa.

Msumeno wa betri huwaka kwa kubonyeza tu, hauna moshi, na kelele zake ni chache. Watoto wa chuo cha jirani wataendelea na darasa lao. Kwa matawi ya mwarobaini na miti ya unene wa paja, watosha. Upungufu wake ni kwamba chaji huisha upesi kwenye gogo nene, na stima ikikatika siku ya dhoruba hakuna pa kuijaza. Basi ikaguliwe kila mwezi wakati wa mvua, na isiwekwe chini ya mabati yanayochoma, kwani joto huila betri. Mnunuzi aulize pia kama bei ni pamoja na betri na chaja, maana mara nyingi huuzwa mbalimbali.

Yote miwili huhitaji oili ya mnyororo na tupa ya kunolea. Mti wa mnazi, hasa, hufubaza meno haraka.

Rai yetu kwa mwenye nyumba wa kawaida ni betri. Mti mkubwa, au ulioinamia paa la jirani, tumwachie fundi mzoefu na tumlipe haki yake. Tawi lililolalia waya wa stima tusiliguse. Tuwaite wenye waya. Dini yetu haituruhusu kujidhuru wala kumdhuru jirani, na ujira wa fundi ni mwepesi kuliko fidia ya paa, seuze ya roho.

Kanzu na kikoi si mavazi ya kazi hii, wala ndala. Tuvae suruali nzito, viatu vilivyofunika mguu, miwani na kinga ya masikio. Tusikate kwa ncha ya msumeno, kwani huruka kuelekea usoni, wala tusipande nao ngazi. Wa betri, tuichomoe betri kabla ya kugusa mnyororo.

Na tusisahau mipaka. Arabuko-Sokoke si shamba la mtu: Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuingia na msumeno huu katika msitu wa umma bila kibali.

Mwisho, je, kila nyumba yahitaji wake? Nyumba tano zikichanga kununua mmoja, ukawekwa kwa mtu mwaminifu anayeukagua, utafaa zaidi ya mitano iliyolala stoo. Sisi tumekwisha kuzungumza na majirani zetu, na mchango umeanza. Tungependa jeneza lijalo, la yeyote miongoni mwetu, likute njia wazi.

Wabillahi tawfiq.